Mkia wa Bomba

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kufika kwenye kibanda cha Nanyama, upande wa mafundi wa jua kali, nyuma ya soko la Kitale. Pale debe tupu kazi yake ilikuwa kunyamazisha. Vilivyovuma ni vile vilivyojaa: injini zilizojaa petroli, na vifua vya wanaume vilivyojaa wenyewe.

Nanyama alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza koroboi, karai, makopo ya kumwagilia sukuma, lakini zaidi ya yote alitengeneza faneli. Mkono wake ulijua kukunja bati likawa pana huku na jembamba kule bila kupima kwa kitu kingine ila shubiri. Kwa hiyo mwaka ule wa 2007, injini ndogo za Uchina zilipoanza kufungwa kwenye baiskeli za boda boda, na waendeshaji wakaanza kulalamika kwamba ekzosi ya kiwandani inaibana injini pumzi, aliletewa bomba moja la moshi lililotoka Uganda, akaligeuza mara mbili, akacheka.

"Hizi si faneli mbili zimebusiana midomo?" alimwambia Ndung'u, jirani yake wa kuchomelea vyuma.

Tangu siku ile wakawa wanatengeneza mabomba ya namna ile pamoja. Nanyama alikata ganda la pipa la oili, akalikunja. Ndung'u akaunga kwa gesi. Siri yote ilikuwa pumzi. Moshi hutoka kwenye injini kwa kishindo, ukaingia kwenye faneli inayopanuka, ukatanua mabega. Kisha ukakutana na faneli ya pili inayofunga, ukagonga, na mwangwi wake ukarudi nyuma kuisukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka. Bomba likiwa refu, mwangwi huchelewa, na injini hupata nguvu ikienda polepole: hilo ni la mtu wa mzigo. Likiwa fupi, nguvu huja injini ikiwa imepandwa na wazimu: hilo ni la mtu wa mbio. Ndiyo maana Nanyama hakumuuliza mteja anataka nini. Alimuuliza anabeba nini.

Na mwisho wa kila bomba alifunga mkia. Ulikuwa kopo refu lenye mrija wa matundu ndani yake, na kati ya mrija na kopo alishindilia waya laini wa kusugulia sufuria. Mkia ule ulimeza mlio, ukaacha injini ikinguruma kama paka aliyeshiba. Hakuna bomba lililotoka kwake bila mkia, na sababu yake haikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Kitale wa mwaka ule. Mlimani watu walikuwa wakipigania ardhi, na bunduki zilikuwa zikilia. Watu walikuwa wakiteremka na magodoro kichwani, wakilala kwenye ua wa makanisa njia yote ya kwenda mji mdogo wa Kwanza. Nanyama mwenyewe alikuwa amewaona wauza nyanya wa soko lile wakikimbia wakaacha mali yao chini, kwa sababu tu mpagazi aliangusha bati.

"Mama Joan, hii ekzosi yako inaongea kama mtu amelazwa hospitali," Kabiru wa stendi ya soko alimwambia siku moja, wenzake wakiwa wamemzunguka. "Si uikate hiyo mkia? Za Bungoma zinalia hadi kuku wanazaa."

"Kuku hazai, Kabiru, anataga. Ndio maana hata injini hujui inafanya nini huko ndani."

Wakacheka. Kabiru naye akacheka, lakini hakubanduka.

"Mimi nabeba jina, mama. Nikitoka huko juu, wanisikie wajue nimefika."

"Watu wa huko juu wakikusikia hawatangoja kujua ni nani. Mkia haitoki. Ukitaka tarumbeta, nenda kanisani."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Wakoli, mume wake, aliyekuwa ameketi juu ya baiskeli yake akingoja kufungiwa skrubu. Nanyama alikisikia kicheko kile na hakukipenda. Hakikuwa cha mtu anayefurahi. Kilikuwa cha mtu anayewaomba wengine wasimwangalie.

Wakoli alibeba maziwa ya wakulima kutoka pande za Kwanza, na injini ile aliinunua kwa kuuza mtamba wa ng'ombe aliyekuwa wa kumsomesha Joan, binti yao. Bomba lake lilikuwa refu kuliko yote aliyopata kutengeneza Nanyama. Lilipanda kilima na makopo yaliyojaa bila Wakoli kukanyaga pedali. Lakini stendini baiskeli ile walikuwa wameipa jina.

"Wananiita Ya Mama," alisema jioni hiyo, tonge mkononi.

"Kwani si ya mama? Nani alitengeneza?"

"Wewe cheka. Leo abiria ameniruka akapanda ya mwingine. Ati yangu haina nguvu."

"Maziwa ya watu inafika na nini? Na maombi?"

"Watu wanasikia nguvu na masikio, Nanyama. Si na mgongo ya baiskeli."

Nanyama alimjibu kwamba nguvu ya kusikika haibebi hata kikombe, na kwamba mkia hautoki. Wakoli akanawa mikono, akaiacha mboga kwenye sahani, akatoka nje. Hakulitaja tena jambo lile. Nanyama akadhani amekubali. Wanawake wengi wameolewa na dhana ya namna hiyo.

*

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, habari ilimfikia, na ilifika ikiwa imekosewa. Mtu alipita sokoni mbio akisema wamepiga risasi njia ya Kwanza, pale kanisani wanapowagawia wakimbizi unga. Vibanda vikaanza kufungwa. Nanyama alitupa mkasi wa bati akatoka, kwa kuwa Wakoli hupita pale na maziwa. Ndung'u alimshika mkono akimsihi angoje. Akauvuta.

Kitu cha kwanza alichokiona pale kanisani ni viatu. Patipati, raba, kiatu kimoja cha mtoto wa shule, vimetapakaa ua mzima, vyote vikielekea upande mmoja, kama kwamba navyo vilijaribu kukimbia vikashindwa. Unga ulikuwa umemwagika ukachanganyika na maziwa, na katikati ya uji ule mbichi lilikuwa limelala kopo la Wakoli, limebonyea ubavuni.

Kwenye mtaro wanawake walikuwa wameinama. Bibi Chemtai, mmoja wa wakimbizi wale, alikuwa ameukimbia mlima mara mbili, mara ya pili akiwa mgongoni mwa mwanawe Kimeli. Mara hii alijaribu kukimbia kwa miguu yake. Aliangukia mtaroni, na waliokuwa nyuma yake hawakuwa na nafasi ya kutazama walichokanyaga. Wanawake walipomwinua, kichwa chake hakikumfuata; alikuwa amekwisha kufa.

Askari walitafuta maganda ya risasi wakakosa. Mwanamke mmoja, akitetemeka, ndiye aliyesema kwamba hakukuwa na bunduki, ilikuwa baiskeli. Ilikuwa imeteremka kilima kimyakimya. Ilipofika langoni ikapasuka, pa, halafu pa-pa-pa.

"Mlio ya AK kabisa," akasema kijana mmoja, kwa sauti ya mtu anayeujua mlio huo kuliko angependa.

Hakuna aliyemkimbiza mwendeshaji, kwa sababu kila uso ulikuwa umeelekea kule walikokimbilia. Walipogeuka, hakuwapo.

Nanyama alielewa papo hapo, kama mpishi anavyonusa chakula kinachoungua kwa jirani. Waendeshaji wote huzima injini kileleni ili kuteremka bila kula petroli. Lakini asiyeibana klachi huliacha gurudumu liendelee kuizungusha injini iliyozimwa, na injini nayo huendelea kumeza petroli isiyochomwa na kuitema tumboni mwa bomba. Akiiwasha tena, cheche moja huichoma yote kwa mkupuo. Nanyama alikuwa amemwonya kila mteja juu ya hilo. Hata hivyo, mkia ungekuwapo, mlipuko ule ungetoka kama kikohozi cha mzee. Kilichowafukuza watu hawa hakikuwa kikohozi.

Labda kiungo cha Ndung'u kilikatika, alijiambia. Labda mkia ulianguka njiani leo leo. Alijiambia hivyo kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango kwa bega.

"Hizi bomba za baiskeli zinatengenezwa na nani?" mtu mmoja akauliza.

Hakuna aliyemtaja Nanyama. Walimtazama tu.

*

Siku zilizofuata waendeshaji waliyafungua mabomba yao wakaja kuyatupa mlangoni pa kibanda. Kabiru alilitupa lake likiwa na mkia wake mzima, halina hata kutu.

"Shika bunduki yako, mama."

Mwanamke aliyekuwa amenunua faneli ya mafuta alirudi nayo akisema inavuja. Nanyama alitia maji ndani yake mbele ya macho yake, haikuvuja hata tone, lakini mwanamke akaendelea kunyoosha mkono. Akampa pesa zake. Wakubwa wa soko walipita wakamwambia afunge kwanza, mpaka mambo yatulie, na mmoja wao, aliyekuwa amekalia kigoda cha Nanyama, alisema wamemvumilia sana kwa kazi ambayo hata hivyo si ya wanawake. Joan alirudi kutoka shuleni akaenda moja kwa moja kitandani na sare zake. Hakutaka kusema walichomwita.

Wakoli hakuwa amerudi nyumbani, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Nanyama alinunua unga na sukari, akafunga leso, akaenda matangani. Wanawake wa ua ule wa kanisa walimpisha njia kwa namna ambayo haikuwa heshima. Kimeli alikuwa ameketi kwenye gunia tupu, mtu mrefu aliyekunjamana, akitoa udongo kwenye kucha kwa kijiti.

"Pole kwa mama," Nanyama alisema, akiweka mzigo chini. "Pole sana. Sina neno ingine."

Kimeli aliutazama unga, hakumtazama yeye.

"Ni wewe ndio fundi?"

"Ndio mimi."

"Ni wewe ulifanya ilie vile?"

"Hapana. Mimi ndio nilifanya isilie."

"Lakini ililia."

"Ililia."

"Basi ni nani?"

Nanyama hakujua, na kwa wakati ule alikuwa bado anaomba asijue. Alikaa na wanawake mpaka jua likaanza kuteremka, na hakuna aliyemkaribisha chai.

*

Wakhungu, kaka mkubwa wa Wakoli, ndiye aliyepiga simu kumwambia kwamba mtu wake yuko salama Bungoma. Hakusema zaidi, ila aje, kuna mazungumzo.

Alipoingia uani kwa Wakhungu, alimkuta Joy, mke wa mwenye nyumba, akiwatupia kuku mahindi yaliyopondwa. Joy alimpokea kwa mikono miwili, akamwambia amekonda, akamwambia aketi. Nanyama hakuketi. Alikuwa analitazama kopo lililokuwa mkononi mwa Joy. Lilikuwa refu na jembamba, na mshono wake ulikuwa umekunjwa mara tatu. Mafundi wengine wote wa Kitale hukunja mshono mara mbili.

"Hiyo kopo umetoa wapi, dada?"

"Hii? Si shemeji aliniletea wakati wa Pasaka. Akasema imebaki kwa kazi." Joy aliligeuza akilisifu. "Nzuri sana. Haishiki kutu."

Pasaka ilikuwa zamani. Wakati ule watu walikuwa wakipanda mahindi, na sasa mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa. Ndiyo maana miezi yote ile Wakoli alizima injini kabla ya kufika nyumbani au kibandani, akaja akikanyaga pedali, akisema anaokoa petroli. Nanyama aliomba kopo lile, akapitisha kidole kwenye mdomo wa kopo. Meno ya msumeno yalikuwa yameacha alama pale, moja baada ya jingine, ya mtu aliyekata taratibu bila haraka. Hakukuwa na kiungo kilichokatika. Ndung'u hakukosea. Mrija na waya vilikuwa vimeng'olewa ndani, likabaki kopo tupu.

"Nipatie hii," alisema.

"Chukua tu. Nitatumia kikombe."

Wakoli alikuwa chumba cha nyuma, pazia limefungwa mchana kweupe. Ndevu zilikuwa zimemwota vibaya. Nanyama aliliweka kopo kitandani kando yake, wala hakumsalimu.

"Ulikata lini?"

"Kukata nini?" Kisha akaliona. "Nilikuwa nitarudisha."

"Kwa kuku?"

"Walikuwa wananicheka, Nanyama. Kila siku. Hata wewe ulicheka." Akafunika uso. "Na hiyo siku si kelele ndio nilikuwa nataka. Ni mkono. Ilikuwa inauma na klachi, nikaachilia. Nilisahau tu. Nilipowasha nikaona watu wanaruka kama panzi. Sikujua wanakimbia mimi."

Nanyama aliamini kila neno. Alimjua: mtu asiyeweza kuchinja kuku bila kugeuza uso. Alikaribia kumgusa bega, na pengine angemgusa, kama Wakhungu hangeingia akiburuta kiti.

Wakhungu alikuwa mtu wa mipango. Alieleza kwamba ameshakaa na wazee wa upande wa Kimeli, na kwa neema ya Mungu wamekubali kondoo na neno. Kondoo yuko. Neno nalo litoke kwa mkono uliotengeneza kile chombo, mbele ya watu, kabla ya mazishi. Aseme bomba lilikuwa na kasoro. Basi, mambo yaishe.

"Haikuwa na kasoro," alisema Nanyama.

"Mama Joan, hayo ni maneno tu. Maneno haikatwi na mkasi."

"Na kesho nani ataniletea kazi?"

"Hiyo ya mabati? Utauza hata omena. Kuna mtu alikufa kwa kuuza omena?" Wakhungu akasogeza kiti. "Sikiza. Kosa ikiwa ya huyu, wale vijana watamvalisha tairi. Wewe ni mwanamke. Watalia, utalia, mtaenda nyumbani. Lakini kama unaweza kukaa ukiangalia bwana yako akichomwa, basi hata sisi tutajua ulikuwa mke wa nani. Utarudi kwenu."

Kwao ilikuwa Kimilili, kwa kaka yake, ambako nyumba ilikuwa imejaa jamaa waliokimbia mlima hata jikoni hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Hata huko angefika akiwa nani? Akisema neno lile, atakuwa na mume, atakuwa na nyumba, na mikono yake itakuwa mikono ya muuaji maisha yake yote. Asiposema, mikono itabaki yake, na labda hicho ndicho kitakachobaki.

Wakhungu alipotoka, alimuuliza Wakoli yeye anasemaje.

"Nisaidie tu," Wakoli alisema.

"Nitakuja. Lakini wewe ndio utaongea kwanza. Sema hata nusu. Sema klachi. Useme hiyo moja tu, na mimi nitanyamaza."

Wakoli aliapa kwa jina la Joan kwamba atasema. Nanyama akalitia kopo kwenye kikapu chake, akalifunika na leso. Alikuwa ameshafanya mapatano na moyo wake: mume wake akilitaja hilo la klachi peke yake, kopo halitatoka kikapuni mpaka atakapolizika mwenyewe.

*

Walikutana kwenye ua uleule wa kanisa, siku moja kabla ya kuzika. Unga ulikuwa umefagiwa, ila kwenye nyufa za ardhi weupe wake ulikuwa bado unaonekana. Wanaume wa Bungoma waliketi upande mmoja, watu wa mlimani upande wa pili, na katikati kondoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi, akila karatasi. Kimeli aliketi mbele. Nyuma yake vijana walisimama, hawakutaka viti.

Wakhungu alisema maneno mazuri. Alizungumza juu ya ujirani, juu ya soko moja na kisima kimoja, juu ya ajali ambayo ni kazi ya shetani. Kisha akampa mdogo wake nafasi.

Wakoli alisimama. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na Joy. Nanyama alimtazama, na kwa dakika ile alimpenda kama siku ya kwanza.

"Mimi ni mtu wa kubeba maziwa," Wakoli alianza. "Mambo ya bomba sijui. Nilipewa, nikafunga. Siku hiyo nimeteremka kama kila siku, na hiyo kitu ikalipuka yenyewe." Akasita, akamtazama kaka yake. "Mke wangu amenituma niseme amekosa. Hakufunga mkia vizuri. Ni mwanamke, wazee. Mtamsamehe."

Minong'ono ikapita upande wa wanawake. Kimeli akainua macho.

"Yeye mwenyewe hana mdomo?"

"Iko," alisema Nanyama, akasimama na kikapu chake.

Wakhungu alikohoa. Joy, aliyekuwa ameketi kwenye majani, aliona leso ikifunuliwa, akaliona kopo, akashika kichwa.

"Mimi sikutuma mtu," Nanyama alisema. Sauti yake haikupanda. "Mkia nilifunga. Ndio hii. Mtu mwenye macho aangalie hapa kwa mdomo yake. Haikuanguka, haikuvunjika. Imekatwa na msumeno. Tangu Pasaka imekuwa ya kupimia kuku chakula, huko Bungoma."

Akampa Kimeli kopo. Hakusema ni nani aliyekata, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kimeli alipitisha kidole kwenye yale meno kama alivyofanya Nanyama kule Bungoma. Aliliinamisha, na punje chache za mahindi zikamwangukia kiganjani. Kijana mmoja nyuma yake aliinama akaokota jiwe.

"Weka chini," Kimeli alisema bila kugeuka. "Mama yangu hakufa ndio nikimbize mtu mwingine."

Jiwe likabaki mkononi, kisha likawekwa.

"Ni wewe?" Kimeli alimuuliza Wakoli.

Wakoli alikuwa bado amesimama. Alimtafuta kaka yake kwa macho, lakini Wakhungu alikuwa anatazama kondoo.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanakucheka," Kimeli akarudia polepole, kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni. Akalirudisha lile neno mara ya pili, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaliweka kopo kwenye benchi, akasimama. "Basi. Nilikuwa nataka kujua tu. Kondoo mrudi naye."

Akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaenda kuendelea kulichimba kaburi. Watu wake wakamfuata mmoja mmoja. Wakoli alianguka kwenye kiti, akaweka mikono juu ya kichwa, mabega yakitikisika. Hakuna aliyemgusa, kwa wema au kwa ubaya.

Hapo ndipo Wakhungu alipopata ghadhabu yake. Alisubiri mpaka mtu wa mwisho wa mlimani alipopinda kona ya kanisa, ndipo akamwendea Nanyama, akasimama karibu mno.

"Umemvua bwana yako nguo mbele ya watu. Ulikuwa unataka wamuue?"

"Hawakumuua."

"Si kwa sababu yako." Akageukia wazee wenzake, ambao walitikisa vichwa. Marehemu waliyekuja kumlilia, wote walikuwa wameshamsahau. Kilichokuwa kimekufa sasa ni jina la mwanamume. "Sikiza, Mama Joan, na ni mara ya mwisho. Piga magoti hapa hapa. Umwambie bwana yako umekosa. Ukisema, tunaenda nyumbani sote. Usiposema, usifuate hii barabara yetu."

Mwanamke mmoja mzee akasema kwa upole, aseme tu, ni neno dogo, wote wamewahi kulisema na hawakufa. Joy alikuwa analia. Nanyama alimtazama Wakoli, ile mikono iliyovimba vidole kwa kubana breki, ile kola ya pasi, na alimhurumia. Alimhurumia kwa moyo wote, na huruma ile haikubadilisha kitu.

Alilichukua kopo kwenye benchi, akalitia kikapuni.

"Pole ya mama yake Kimeli niliileta," alisema, "na kesho nitarudi kaburini niilete tena. Msamaha, shemeji, siombi. Kwako siombi. Na kwa huyu siombi."

"Nanyama," Wakoli aliita, bila kuinua kichwa.

"Siombi."